Sura ya 6: Kamera Iliyonyimwa Njia

Mwandishi wa riwaya akifukuzwa nchini kwake huondoka na nchi hiyo kichwani. Mtengenezaji wa filamu za makala hana bahati hiyo. Kazi yake inataka awepo: barabara ile, uso ule, jua la kule. Akinyimwa njia, atapiga picha ya nini? Sijaona aliyelijibu swali hili vizuri kuliko Raoul Peck.

Alizaliwa Port-au-Prince, Haiti, mwaka 1953. Familia yake ilikimbia udikteta wa François Duvalier, na mwaka 1961, akiwa mtoto wa miaka minane, akajikuta Kongo. Wabelgiji wengi walikuwa wameondoka baada ya uhuru, na wataalamu wa Haiti waliojua Kifaransa walihitajika sana. Baba yake alikuwa mtaalamu wa kilimo. Filamu alikuja kuisomea Berlin.

Mwaka huohuo wa 1961, tarehe 17 Januari, Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa Katanga pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito. Miaka kama thelathini baadaye Peck akaanza makala juu yake, lakini Kinshasa ya Rais Mobutu haikuwa salama kwake. Basi akaitoa kamera Brussels. Tunaona mitaa yenye baridi na wapita njia wakienda na shughuli zao. Juu ya picha hizo inasikika sauti yake mwenyewe, ikieleza aliyosimuliwa na mama yake, aliyefanya kazi ofisini Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Jicho liko Ulaya, sikio liko Kongo, na mtazamaji hawezi kutulia.

Wengine wangeziita picha za Brussels kiraka. Mimi nasema ndizo ushahidi wenyewe, kwa kuwa mkono wa Ubelgiji ulikuwemo katika mauaji yale, na mwaka 2002 serikali yake iliomba radhi. Mkimbizi aliyezuiwa kufika Kongo alikwenda kusimama mlangoni pa wahusika. Hata gharama ya kununua picha za zamani za habari, zilizo mikononi mwa kampuni za Ulaya, anaitaja ndani ya filamu yenyewe, ili tujue kumbukumbu yetu inauzwa na nani.

Mwaka 2000 alirudia kisa hicho kwa waigizaji, akipiga picha Zimbabwe na Msumbiji kwa sababu Kongo ilikuwa vitani. Filamu yake ya 2005 kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda inafika hadi Arusha, kwenye mahakama ya kimataifa.

Sisi wa Ndandalo, wilayani Kyela, tuna kisa cha karibu zaidi. Baada ya mgogoro wa mawaziri wa Malawi mwaka 1964, Kanyama Chiume na wengine walikimbilia Tanzania, na utawala wa Kamuzu Banda waliyemkimbia ukadumu hadi 1994. Aliyevuka mto Songwe, ulio mpakani, kwa siri hakupigwa picha. Kijana wa Kyela anayetaka kuwatengenezea makala watu hao asihangaike kwanza na kamera. Amrekodi mzee kwa Kinyakyusa au Kingonde, bila kumkatiza: alivukia wapi, mtumbwi ulikuwa wa nani, nani alimpa chakula usiku ule. Sauti ikishapatikana, ndipo aende Kasumulu akapige picha za mpaka wa leo, malori na foleni yake, mchana kweupe.