Nyeri hadi Nairobi: Kwanza Jiulize Unashukia Wapi

Mtu wa Nyeri akipata kazi Nairobi, jambo la kwanza analoulizwa ni kama atahama. Mimi sikuhama. Wanangu wanasoma Ruring'u, cucu wao yuko hapo, na shamba liko hapo. Katikati ya wiki nalala Embakasi, karibu na bohari ninakofanya kazi ya kuhesabu mizigo, na wikendi niko nyumbani. Tunaoishi hivi ni wengi, kuanzia Karatina hadi Nanyuki, na kila mtu ana njia anayoapa kwamba ndiyo bora.

Wengi wetu hupita njia kuu: Marua, Karatina, Sagana, Makutano, Kenol, Thika, kisha Nairobi. Ni kama kilomita 150. Barabara hii ndiyo inayoendelea kaskazini hadi Isiolo na Moyale, mpakani na Ethiopia, ndiyo maana malori hayaishi. Kati ya Kenol na Marua tulikuwa na leni moja tu ya kwenda na moja ya kurudi. Lori lilipokuwa likijikokota mlimani, msururu ulijipanga nyuma yake, mpaka dereva mmoja akose subira na kujitosa upande wa wanaokuja. Tumezika watu kwa ajili ya kujitosa huko. Ndiyo maana mradi wa kuzipanua kilomita hizo 84, ambao Benki ya Maendeleo ya Afrika iliusaidia kwa mkopo, naupenda hata ulipotulisha vumbi. Palipo na leni mbili, lori linapitwa bila mtu kuweka roho rehani.

Watu wa Othaya hupenda kupitia Kiriaini na Murang'a, wakatokea Kenol. Ni njia ya kupendeza, chai pande zote mbili, lakini kona zake hazina mwisho na ukungu ukishuka dereva haoni mbali. Aliye Nyeri mjini haimfai kwa safari ya kazini.

Halafu kuna treni, na hapa nasema kwa uchungu. Desemba 2020 treni ya abiria ya Nairobi hadi Nanyuki ilirejea baada ya reli ya zamani kukarabatiwa. Inapita Thika, Murang'a, Sagana, Karatina na Kiganjo, na nauli yake ni ndogo kuliko ya matatu. Lakini ilipangiwa kutoka Nairobi Ijumaa asubuhi na kurudi Jumapili. Ijumaa asubuhi mimi niko bohari! Tena safari inameza karibu siku nzima, na ukishuka Kiganjo bado hujafika Nyeri, ni lazima utafute gari lingine. Anayekwenda kutalii mlimani inamfaa sana. Mfanyakazi hakufikiriwa.

Basi tunabaki na matatu, na matatu ina mwendo wake. Tangu sheria za marehemu John Michuki zianze kutekelezwa mwaka 2004, abiria ni kwa idadi ya viti, na kidhibiti mwendo kimewekewa kilomita 80 kwa saa. Sheria nzuri, na maana yake ni kwamba ukichelewa kutoka, dereva hana haki ya kukulipia muda huo kwa mwendo wa kasi. Muda hupatikana steji, kabla injini haijawashwa.

Jumatatu nafika steji ya Nyeri saa tisa na nusu usiku. Baridi ya saa hiyo haizoeleki. Kondakta anapangusa kioo cha mbele kwa gazeti, kinajaa mvuke tena, anapangusa tena. Kiti cha nyuma kuna mama mwenye gunia la viazi miguuni, na gari haliondoki mpaka lijae. Tukiondoka kabla ya saa kumi, Thika tunaipita kabla ya foleni kuanza. Tukiondoka saa kumi na moja, foleni ya Githurai na Roysambu inatungoja, na zile kilomita chache za mwisho zinaweza kula muda kama wa kutoka Nyeri hadi Sagana. Rais Kibaki aliifungua Thika Road mpya mwaka 2012, barabara pana ajabu, lakini inapofika Pangani yote inagawanyika katika njia nyembamba za kuingia mjini. Hapo upana wake unaishia.

Kwa hiyo siingii mjini kabisa. Nashuka Ruiru, napanda gari la Eastern Bypass kupitia Kamakis na Utawala, na natokea Embakasi bila kuiona Pangani. Wenzangu walionicheka kwa kulipa nauli mara mbili walikuwa wakifika kazini baada yangu, wamechoka.

Mpwa wangu ameajiriwa Parklands juzi, akaniomba nimwandikie ratiba yangu. Nilimkatalia. Bypass ingempeleka upande usio wake kabisa. Yeye abaki garini hadi Pangani, ashike ile iliyokuwa Forest Road, ambayo sasa ina jina la Profesa Wangari Maathai, mwana wa Nyeri, na atatokea Parklands bila kukanyaga River Road. Ila kwa kuwa Githurai lazima aipite, gari lake pia ni lile la kabla ya saa kumi. Nimeshamwambia kondakta amwekee kiti cha dirishani.