King Kong wa Chuma, King Kong wa Video: Nani Mkali?

Msomaji wangu, naomba nikuulize swali la uchokozi kidogo. Umejibana mwaka mzima, hukununua viatu, hukwenda dansi, mpaka ukapata nauli ya Marekani. Umefika Orlando, umelipa kiingilio cha dola mia na ushee, umesimama foleni saa mbili jua la utosi. Mwisho wa foleni unaingizwa kwenye kigari, unavalishwa miwani ya plastiki, halafu unaonyeshwa... video! Utashangilia au utadai chako?

Basi hilo ndilo zogo linalowatoa povu wapenzi wa viwanja vya burudani kwa miaka mingi sasa. Kuna kambi inayosema mchezo ni dude la kweli, la chuma na mpira na manyoya, likuinamie usoni mpaka umwite mama yako. Kambi ya pili inasema hayo ni mambo ya mababu, siku hizi kila kitu ni skrini na kompyuta. Mimi kambi yangu ninayo na wala sitaificha, lakini twende polepole, maana kesi hii ina mashahidi wengi na wa kwanza ni gorila.

Namzungumzia King Kong. Mwaka 1986 Universal Studios ya Hollywood ilimpachika kwenye ile safari yao ya vibasi vinavyowazungusha wageni kwenye maeneo ya kupigia filamu. Fundi alikuwa Bob Gurr, mzee aliyewahi kubuni magari kibao ya Disneyland enzi za Walt Disney mwenyewe. Gurr akawafyatulia gorila la futi 30, uzito wake tani kadhaa, lenye manyoya, macho yanayozunguka na domo linalofunguka. Na kuonyesha kwamba jamaa hawakuwa wanatania, wakamwekea harufu ya ndizi mdomoni! Yaani Kong akikuhemea unasikia kabisa kwamba huyu bwana katoka kula. Mimi kwa ubunifu huo peke yake nawavulia kofia.

Mwaka 1990 Universal wakafungua kiwanja kingine Orlando, Florida, na Kong akapewa mchezo wake mwenyewe, Kongfrontation. Hapo abiria walipandishwa kwenye kibehewa kinachoning'inia juu ya mitaa ya New York ya bandia, moto wa kweli unawaka, mabomba yamepasuka, halafu unakutana naye. Si mmoja, wawili! Walijenga makong mawili ili ukidhani umemkimbia huyu, umkute mbele. Kibehewa kinatikiswa, kinaporomoka kidogo, watu wazima na ndevu zao wanakumbatiana na wageni wasiowajua. Usipime!

Sasa tatizo la madude ya kweli ni kwamba nayo huugua. Siku ya ufunguzi wa kiwanja hicho, Juni 1990, michezo mikubwa iligoma mbele ya kadamnasi. Kong aligoma. Mchezo wa tetemeko la ardhi uligoma. Na yule papa wa Jaws ndiyo usiseme, alichemsha vibaya mpaka mchezo wake ukafungwa na kujengwa upya, ukarudi mwaka 1993. Wazee wa sinema hawakushangaa. Steven Spielberg alipokuwa anapiga filamu ya Jaws, iliyotoka 1975, papa wake wa mashine alikuwa anaharibika kila kukicha kwenye maji ya chumvi, ndiyo maana kwenye filamu yenyewe papa anaonekana kwa nadra. Papa wa mashine ana gundu, bwana, tangu zamani.

Lakini kama unataka kulia, sikiliza kisa cha Yeti.

Aprili 2006 Disney walifungua Expedition Everest kwenye kiwanja chao cha Animal Kingdom, Florida. Ni treni la kasi linalopanda mlima wa bandia, linarudi kinyumenyume gizani, na kule ndani kabisa anakusubiri Yeti, lile zimwi la theluji la Himalaya. Dude lina futi 25 kwenda juu na uzito wa tani kama 9, moja ya madude makubwa kuliko yote waliyowahi kutengeneza. Siku za mwanzo lilikuwa linaruka mbele na kurusha mkono kama linataka kukunyakua kitini. Waliobahatika kuliona wanasimulia mpaka leo kama wazee wanavyosimulia mechi za Simba na Yanga za zamani.

Miezi michache tu, likazima. Wakubwa wakaona wasifunge mchezo, bali wampige taa za kuwakawaka ili ionekane kama anacheza. Zimwi lenyewe limesimama tuli, taa ndizo zinazoruka! Mashabiki, kwa maneno yao, hawakukawia: wakambatiza jina la Disco Yeti. Mbunifu mkuu wa mlima huo, Joe Rohde, aliwaahidi watu hadharani mwaka 2013 kwamba siku moja atamtengeneza. Mwanzoni mwa 2021 akastaafu, Yeti bado kasimama. Mlima umejengwa kumzunguka, na kumtoa si sawa na kubadilisha gia boksi ya daladala pale Buguruni.

Kwa hiyo jiweke kwenye kiti cha bosi. Una gorila anayehitaji mafundi, mafuta ya kusukuma mikono, manyoya mapya na moto wa gesi kila siku. Upande wa pili kuna bwana kakuletea projekta, hailii njaa, haivuji mafuta, na mwakani ukitaka kubadilisha hadithi unabadilisha filamu tu. Utachagua nini? Wala sikulaumu.

Na tuseme ukweli, skrini zilipoanza zilikuwa moto. Star Tours ya Disneyland, mwaka 1987, ilichukua mashine za aina ile ile wanazofundishia marubani, ikaweka abiria ndani, ikawaonyesha sinema ya kupaa angani huku sakafu inayumba. Halafu mwaka 1999 Universal Orlando wakaja na Spider-Man, na hapo hata mimi mtu wa chuma nasalimu amri. Kigari kinatembea, kinazunguka, kinainama, kinapita katikati ya mitaa iliyojengwa kweli, moto unakupiga usoni, maji yanakurukia. Skrini zimefichwa humo humo. Ujanja wao mkubwa ulikuwa kwenye picha: kigari kikisogea, picha nayo inapindishwa kwa hesabu ya kompyuta ili jicho lako lisigundue kwamba unaangalia ukuta bapa. Mwishoni unahisi umetupwa kutoka juu ya ghorofa ndefu, kumbe umekaa pale pale. Walioiga baadaye waliona skrini tu, hawakuona mitaa, moto wala maji.

Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa maoni yangu mimi.

Juni 1, 2008, Hollywood iliamka na moto. Mafundi walikuwa wanatengeneza paa kwa kutumia tochi ya gesi, moto ukashika, ukala sehemu kubwa ya maeneo ya kupigia filamu. Kong wa Bob Gurr akaungua. Gorila aliyekuwa akiwatisha watu kwa moto wa bandia akafa kwa moto wa kweli, jamani! Mwaka 2010 akarudi, ila safari hii hana manyoya wala ndizi. Ni filamu ya Peter Jackson kwenye skrini mbili kubwa zilizopinda, moja kila upande wa kibasi, na kibasi kinatikiswa. Picha safi, sauti nzito, vijana wakashangilia. Lakini waliomuona wa kwanza walijua tofauti. Yule wa mwanzo ulikuwa naye chumba kimoja.

Baada ya hapo ikawa mvua ya skrini. Transformers, tangu Singapore mwaka 2011 mpaka Orlando 2013. Papa wa Jaws akaondolewa Januari 2012, na eneo lake likajengwa mtaa wa Harry Potter uliofunguliwa 2014, ambako mchezo wake mkubwa, wa benki ya Gringotts, ni treni la kasi linalosimama kila mara mbele ya skrini. Mwaka 2018 Orlando ikapata Fast & Furious: Supercharged, ambapo unakaa kwenye basi kuangalia magari yakikimbia kwenye ukuta. Mchezo wa magari ya kasi ambao wewe mwenyewe huna kasi! Mashabiki waliucheka mpaka ukawa mfano wa kila kibaya.

Ubaya wa skrini si ushamba wa wapenda vya zamani, una sababu zake. Kwanza, picha ya aina hiyo inapangwa kwa mtu aliyekaa katikati. Ukipewa kiti cha pembeni, unaona mambo yamejikunja. Dude la kweli halina kiti kibaya, wa kushoto anaona meno, wa kulia anaona kucha, wakishuka wana cha kubishania.

Pili ni tumbo. Ndani ya sikio kuna kimiminika kinachoiambia akili kama unakwenda au umesimama. Macho yanasema tunapaa, sikio linasema tumekaa, akili inachanganyikiwa, na wa kulipa faini ni tumbo. Mimi mwenyewe nilipanda moja ya hizo kule nchi za Ghuba, jina la kiwanja kapuni. Nilipanda mtanashati nimechomekea, nikashuka rangi ya majivu, natafuta ukuta wa kuegemea, na mtoto wa miaka minane aliyekaa jirani yangu ananiangalia kwa huruma. Halafu picha yenyewe ilikuwa na ukungu kwa sababu ile miwani ilikuwa na alama za vidole vya watu wote waliotangulia. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video vya Manzese, tukibanana kwenye benchi huku jirani anatikisa miguu, tulikuwa na kitu kile kile kwa bei ya karanga!

Lakini ngoja nisije nikaonekana nawapaka mafuta wazee wa zamani, kwani nao walikuwa wajanja wa sinema ile mbaya. Nyumba ya mizimu ya Disneyland, Haunted Mansion, ilifunguliwa Agosti 1969. Mle ndani kuna kichwa cha mwanamke kinachozungumza ndani ya mpira wa kioo. Kile ni kichwa cha sanamu, na uso wake ni filamu iliyomulikwa juu yake. Ile mizimu inayocheza dansi ukumbini ni midoli ya kweli, ila wewe unaona kivuli chake kwenye kioo kikubwa kilichosimamishwa mbele yako bila kujua, mbinu iliyoonyeshwa London na John Henry Pepper mwaka 1862. Kwa hiyo filamu ilikuwepo tangu zamani. Tofauti ni kwamba ilipewa kitu cha kukalia: kichwa, kioo, ukumbi. Haikuachwa uchi ukutani.

Na hilo ndilo, naona, wakubwa wameanza kulikumbuka. Angalia Kong. Mwaka 2016 Orlando ilimrudisha kwenye Skull Island: Reign of Kong. Sehemu kubwa ni skrini, ndiyo, ila mwishoni gari linakata kona na unamkuta mwenyewe, kichwa na kifua, wa kutengenezwa, anakuhemea. Watu wanasahau filamu yote ya nyuma, wanashuka wanamzungumzia yule mmoja. Juni 2019 wakafungua pikipiki za Hagrid, treni la kasi lenye viumbe vya mashine njiani, na foleni ya siku ya kwanza ilifika saa 10. Saa kumi za kusimama, mwanangu, hiyo ni Dar mpaka Mbeya kwa gari dogo!

Desemba 2019 Disney nao wakashusha Rise of the Resistance, wamechanganya kila kitu, mashine za kivita za urefu wa nyumba zimejengwa kwa ukubwa wake halisi, na skrini zimewekwa kama madirisha ya chombo cha angani. Dirisha! Hapo ndipo skrini inapokaa vizuri. Jurassic World ya Hollywood nayo, ilipofanyiwa ukarabati mwaka 2019, ilianza na tangi kubwa la samaki ambamo joka la baharini linapita nyuma ya vioo. Vioo ni skrini, lakini nani atajua? Tangi la samaki siku zote ni kioo. Upungufu wa Rise ni ule ule wa kale: mashine nyingi, kwa hiyo inakwama mara kwa mara na watu wanarudishwa.

Mei 2025 Universal wakafungua kiwanja kipya Orlando, Epic Universe, na mchezo uliozungumzwa sana humo ni Monsters Unchained, nyumba ya Frankenstein iliyojaa mazimwi ya mashine yanayokuja mpaka puani huku wewe umebebwa na mkono wa roboti. Mwaka huo huo, mwezi Machi, ile Supercharged ya Hollywood ilifungwa.

Haya, kwa wewe unayejibana nauli, nakupa mbili tatu za mjini. Ukiona kapu la miwani mlangoni, omba kiti cha katikati, na miwani ifute kwa fulana yako mwenyewe. Mzunguko ukikuanza, usifumbe jicho moja, geuza uso uangalie kitu kilichosimama, hata kisogo cha aliye mbele yako. Ukisikia kuna dude la kweli, kimbilia pembeni, huko ndiko wanakohemewa. Na chapati ya asubuhi iache mpaka ushuke.