Bodi za Faiba za Magari ya Kujiundia Mjini Doha

Gari la kujiundia huanza na chasisi, injini na magurudumu yaliyotoka kiwandani, mara nyingi kwenye gari moja kuukuu, kisha huvishwa bodi mpya. Bodi hiyo ndiyo humshinda mtu asiye na karakana kubwa. Bati halikubali kupinda pande mbili kwa wakati mmoja bila mashine nzito ya kushindilia au fundi aliyezeeka na nyundo mkononi. Faiba huikwepa shida hiyo. Nyuzi za kioo hulowekwa resini ya maji maji ndani ya kalibu, resini huganda, na kipande hutoka na umbo lile lile la kalibu, mikunjo yake yote ikiwemo. Kazi yenyewe basi huhamia kwenye kalibu. Na mjini Doha huongezeka jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa Ulaya hulipitia kwa sentensi moja, nalo ni joto.

Ufundi huu ulianza kupata wafuasi wengi kupitia boti. Ni kweli kwamba Chevrolet walitoa Corvette yenye bodi ya faiba mwaka 1953, magari 300 yaliyoundwa kwa mkono, lakini aliyeufikisha kwenye vibanda vya nyuma ya nyumba ni Bruce Meyers, mjenzi wa boti wa Newport Beach, California. Mwaka 1964 aliunda bagi la kuchezea mchangani lililoitwa Meyers Manx. Yale machache ya mwanzo hayakuwa na chasisi. Bodi ya faiba ndiyo iliyobeba kila kitu, kama ganda la boti. Baadaye bodi ilifungwa juu ya chasisi ya Volkswagen Beetle iliyofupishwa, na bei ikashuka. Novemba 1967 Manx ilishinda mashindano ya kwanza ya Mexican 1000 katika jangwa la Baja. Umaarufu huo ulimponza Meyers. Yeyote aliyenunua bodi moja aliweza kuigeuza modeli, akaitolea kalibu na kuanza kuuza za kwake. Alipokwenda mahakamani kutetea hataza yake, alishindwa.

Qatar ina sababu mbili za kuwa mahali pa kazi hii. Mchanga upo: vilima vya Sealine karibu na Mesaieed, na kusini zaidi Khor Al Adaid ambako bahari imeingia katikati ya jangwa, hupokea mabagi na magari makubwa kila mwisho wa wiki wa majira ya baridi. Boti nazo zipo, kwani bandari za uvuvi za Al Wakrah na Al Khor zimejaa vyombo vya faiba, na penye boti za faiba hapakosekani resini, mikeka ya nyuzi wala watu wanaojua kuvitumia. Karakana nyingi za magari ziko Sanaiya, eneo la viwanda la Doha, mtaa ambao Wakenya, Waganda na Watanzania wengi waliofanya kazi Qatar wanaujua vizuri.

Hatua ya kwanza ni modeli, yaani umbo kamili la kipande kinachotakiwa. Huchongwa kwa povu gumu, mbao au udongo, au hutumika madigadi ya gari jingine yaliyoongezwa puti. Modeli haihitaji kuwa na nguvu, inahitaji kuwa laini. Kila mkwaruzo ulioachwa juu yake utajichapa kwenye kalibu, na kutoka hapo kwenye kila kipande kitakachotolewa. Ndiyo maana msasa wa maji huchukua muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote, na fundi anayeukatisha hapa huulipia mara kumi mbele ya safari. Pembe zote lazima zifunguke kidogo kuelekea nje. Mahali ambapo umbo linarudi ndani, kipande kitanasa. Kalibu ya sehemu hiyo hujengwa kwa vipande viwili au vitatu vyenye kingo za kufungwa kwa bolti.

Modeli hupakwa nta maalumu mara tano au sita, kila tabaka likikaushwa na kung'arishwa, kisha hunyunyiziwa utando mwembamba wa plastiki unaoyeyuka kwa maji, ambao huzuia resini isishike. Juu yake huwekwa jelikoti, resini nzito isiyo na nyuzi ambayo ndiyo itakuwa uso wa kalibu, halafu mikeka. Kalibu hujengwa nene mara mbili au tatu kuliko kipande, na kwa subira: tabaka chache kwa siku. Anayezipanga zote kwa mkupuo mmoja hupata kalibu iliyojikunja, kwa sababu resini ya poliesta husinyaa inapoganda, na husinyaa zaidi ikichemka. Kabla ya kuing'oa, mgongo wake hufungwa fremu ya mbao au bomba za chuma.

Kipande chenyewe hufuata njia ile ile kwa wepesi zaidi. Kalibu hupakwa nta, kisha jelikoti ya rangi, unene wa nusu milimita hivi. Husubiriwa hadi kidole kikiigusa kinahisi kunata lakini hakitoki na rangi. Mkeka wa kwanza huwa mwepesi, gramu 300 kwa mita ya mraba, kwa kuwa kazi yake ni kulala vizuri kwenye kona bila kuacha hewa. Kiputo kilichobaki nyuma ya jelikoti leo kitapasuka jua likikipiga. Baada yake huja mikeka ya gramu 450, ambayo kila mmoja huongeza takriban milimita moja. Resini hupigwa kwa brashi, si kuburutwa, kisha rola ya chuma yenye mifereji hupitishwa ili kutoa hewa na kukamua ziada.

Ziada hiyo ndiyo huharibu hesabu ya uzito. Mkeka hunywa resini mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wake. Mikeka miwili ya gramu 450 hutoa kipande cha kilo tatu hivi kwa mita ya mraba, nusu ya bati la milimita 0.8 ambalo lina kilo sita na ushei. Fundi akiongeza mikeka kwa woga, na kumimina resini kwa ukarimu, faida yote hiyo hupotea na kipande hakipati nguvu ya maana. Nguvu imo kwenye nyuzi. Boneti pana ikilegea, dawa yake ni mbavu za povu zilizofunikwa mkeka upande wa ndani, ambazo huikaza bila kuitia uzito.

Hadi hapa kazi ni ile ile popote duniani. Tofauti ya Doha huanza kwenye kopo la kuchanganyia. Resini ya poliesta imetengenezwa kufanyiwa kazi kwenye nyuzijoto 18 hadi 25. Julai mjini Doha mchana hufika 42 kwa kawaida, na Julai 2010 ilipimwa 50.4. Kila joto likipanda nyuzi kumi, muda wa resini kabla ya kuganda hupungua kwa karibu nusu. Mchanganyiko ambao Januari ungempa fundi dakika 20, Julai unaweza kugeuka ugali kabla brashi haijafika upande wa pili wa boneti. Mawazo ya kwanza ya wengi ni kupunguza kichocheo, ile hadina inayoigandisha resini. Hapo ndipo hatari ilipo. Kiwango chake ni asilimia 1 hadi 2. Kikishuka chini ya 1, resini hugusika kama imeganda lakini ndani hubaki changa, na kipande kitalegea miezi michache baadaye bila dalili yoyote ya mapema.

Njia salama ni kununua resini ya majira ya joto au hadina ya polepole, kuchanganya kidogo kidogo, na kumimina kwenye sinia pana badala ya ndoo, kwani resini iliyorundikana hujipasha yenyewe hadi kutoa moshi na hata kushika moto. Makopo hukaa kwenye chumba chenye kiyoyozi yakiwa yamefungwa. Yakifunguliwa yangali baridi kwenye hewa yenye unyevu wa Agosti, umande huingia kwenye resini na kuidhoofisha. Saa za kazi nazo hubadilika. Tangu 2021 Qatar imepiga marufuku kazi za nje kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, kati ya Juni 1 na Septemba 15, lakini hata bila sheria hiyo faiba ingewasukuma mafundi kwenye alfajiri na usiku. Alfajiri ina faida nyingine: pepo za shamali za Juni na Julai huwa hazijashika kasi, na vumbi lake ni adui wa jelikoti mbichi.

Joto lina upande wake wa manufaa. Kipande kikiachwa ndani ya kalibu kwa siku nzima kisha kikapashwa polepole, resini hukomaa zaidi, na kinachohitaji tanuri kwingineko jua la Doha hukifanya bure. Sharti ni kipande kishikiliwe na kalibu yake wakati huo wote. Poliesta ya kawaida huanza kulainika kwenye nyuzijoto 60 au 70, na boneti nyeusi iliyoegeshwa juani hufika huko bila taabu. Isiyokomaa hupinda, na nyuzi zake hujichora juu ya rangi. Rangi nyeupe au ya mchanga na resini ya daraja la juu, kama vinilesta, si anasa katika nchi hii.

Usalama hauna mjadala mrefu. Mvuke wa stairini unaotoka kwenye resini hutaka barakoa yenye chujio la kemikali, si kitambaa, na feni inayoutoa nje. Hadina ikiingia jichoni inaweza kupofusha, hivyo miwani huvaliwa kabla ya kufungua chupa. Vumbi la kukata hutaka barakoa na mikono mirefu.

Kufunga vipande kwenye chasisi kuna mitego yake. Faiba haipitishi umeme, kwa hiyo kila taa huhitaji waya wake wa kurudi kwenye hasi ya betri. Bolti haikazwi moja kwa moja juu yake. Huwekewa bamba la chuma lililozikwa ndani ya mikeka, au washa pana pande zote mbili, la sivyo tundu hupasuka nyota. Kwa anayetaka kuliingiza gari barabarani, mabadiliko ya bodi ni suala la Idara ya Trafiki, na ukaguzi wa kiufundi hufanywa na Fahes, kampuni iliyo chini ya WOQOD, kampuni ya mafuta ya Qatar. Ni busara kuuliza kabla ya kuchonga modeli.

Bagi likiruka kilima vibaya na kupasua madigadi, kipande hakitupwi. Sehemu iliyopasuka husagwa kwa grainda upande wa ndani hadi itelemke kama ukingo wa sahani, upana wa mara kumi na mbili ya unene wake, maana yake ni sentimita tatu na nusu hivi kila upande kwa kipande cha milimita tatu. Huwekewa mikeka mipya kutoka mdogo hadi mkubwa, na uso wa nje hurudishiwa jelikoti na msasa.