Ala ya Roboti: Istilahi na Ubunifu

Makala haya yanahusu kitu kidogo kinachoweza kuamua ushindi wa roboti ya mashindano: kifuniko cha plastiki kinachochapwa kwa mashine ili kuzihifadhi saketi zake. Wengi wangekiita kasha. Sisi tunapendekeza neno ala. Kasha hupokea chochote kinachoenea ndani yake. Ala hupimwa kwa kisu chake. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa ubunifu wenyewe.

Tuchukue mfano wa wanafunzi wa Kasongo, mji wa Maniema ambamo Kiswahili kimezungumzwa tangu karne ya 19, wanaopeleka roboti yao Kabambare kwa pikipiki. Ala yao itakabiliana na mambo matatu.

Kwanza ni mtikisiko. Umbo lililochapwa hujengwa tabaka juu ya tabaka, na huvunjika kwa urahisi pale tabaka zinapoungana. Kwa hiyo vigingi vya kushikilia bodi ya saketi viwe vinene, vyenye shina pana. Waya nazo zifungwe ukutani, ili mvuto usifike kwenye viungio.

Pili ni vumbi, pamoja na chembe za chuma ambazo huweza kuunganisha njia za umeme zisizopasa kukutana. Matundu ya hewa yawe ubavuni, yakielekea chini.

Tatu ni joto. Plastiki ya PLA huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi za Selsiasi. PETG hustahimili hadi karibu nyuzi 80. Hapa pana mgongano: ala iliyozibwa kabisa huzuia vumbi, lakini hufungia joto ndani. Hivyo kidhibiti cha mota, ambacho hupata moto sana, kikae karibu na matundu.

Je, chuma hakifai? Roboti za kuongoza magari zilizowekwa Kinshasa mwaka 2013 zilitengenezwa kwa alumini ili zistahimili hali ya hewa. Hata hivyo, chuma huzuia mawimbi ya redio, nayo roboti inayoongozwa kwa redio italazimika kuwa na antena ya nje. Plastiki huyapitisha.

Mwanafunzi akiagizwa kutengeneza kasha, atauliza ukubwa wake tu. Akiagizwa kutengeneza ala, hana budi kuuliza: ni ya kitu gani, na itapita njia gani?