Ubora au Upambanuzi? Kupima Ufyonzaji wa Infraredi katika Gesi za Haidrokaboni: Mfano wa Mwambao wa Rumonge

Ikisiri

Makala hii inafafanua jinsi spektroskopia ya infraredi inavyotofautisha gesi za haidrokaboni, kwa kurejelea Ziwa Tanganyika upande wa Burundi. Inajenga hoja kwamba istilahi "ubora wa juu" hupotosha, na kwamba "upambanuzi" ndilo neno libebalo maana ya kipimo chenyewe.

1.0 Utangulizi

Usiku usio na mbalamwezi, mtu asimamaye ufukoni Rumonge huziona taa za wavuvi wa ndagala zikiwa utepe mmoja wa mwanga. Akitumia darubini, utepe huo hugawanyika: kila taa husimama peke yake, na mitumbwi huhesabika. Taa hazikuongezeka; kilichoongezeka ni uwezo wa kutenganisha vilivyokaribiana. Uwezo huo ndio mada yetu.

2.0 Swali la Gesi Ziwani

Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470, na maji yake ya chini hayana oksijeni. Humo vijiumbe vidogo huozesha mabaki ya viumbe na kuzalisha methani. Aidha, ziwa limo katika Bonde la Ufa, ambamo mashapo yaliyozikwa na kupata joto huweza kuzalisha mafuta na gesi. Mafuta huchuruzika kiasili karibu na Rasi Kalamba. Lakini visima viwili vilivyochimbwa na kampuni ya Amoco katika bonde la Rusizi, Burundi, miaka ya 1980, havikupata mafuta ya kibiashara. Kwa hiyo kuwapo kwa gesi pekee si ushahidi wa mafuta. Wakazi wa mwambao, ambao riziki yao ni ziwa, wanastahili kujua inayozungumzwa ni gesi ya uozo au gesi ya mafuta.

3.0 Kipimo Chenyewe

Vifungo vya kaboni na hidrojeni hutikisika, na hivyo hufyonza infraredi yenye urefu wa wimbi wa takriban mikromita 3.3 hadi 3.4. Methani, ethani na propani zote hufyonza hapo. Kifaa chenye upambanuzi mdogo huzionyesha zikiwa zimechanganyika, mithili ya utepe wa taa.

Hata hivyo, molekuli za gesi pia huzunguka, na mzunguko huo huugawa ufyonzaji wa methani kuwa mistari mingi myembamba. Wanasayansi huhesabu mawimbi yaliyomo katika sentimita moja. Kwa kipimo hicho, upana wa mstari mmoja katika kanieneo ya kawaida ya hewa ni takriban 0.1. Kanieneo ya sampuli ikipunguzwa sana, upana hukaribia 0.01. Kifaa kinachoweza kutenganisha kwa kiwango hicho huuona kila mstari peke yake. Kwa kuwa ufyonzaji hutegemea wingi wa molekuli na urefu wa njia ya mwanga, kina cha mstari hutoa kiasi cha gesi.

Kwa kawaida, katika gesi ya uozo methani huwa zaidi ya mara 1,000 ya jumla ya ethani na propani. Katika gesi ya mafuta huwa chini ya mara 100. Uwiano huu huweza kubadilishwa na vijiumbe vinavyokula gesi, hivyo hupimwa pia methani yenye kaboni-13, ambayo mistari yake hukaa kando ya ile ya kaboni-12. Hapo tena panahitajika upambanuzi.

4.0 Suala la Istilahi

"Ubora" ni sifa; haudai ushahidi. Msomaji akiambiwa kwamba "vipimo vya ubora wa juu vimegundua gesi", huamini na kunyamaza. Akiambiwa kwamba upambanuzi ulikuwa 1 au 0.01, anaweza kuuliza: je, ethani ilitenganishwa na methani? Kitenzi "pambanua" tayari kina maana ya kutenga na kubainisha. Nomino yake inapokea tarakimu bila kulazimishwa.

5.0 Hitimisho

Tunapendekeza "upambanuzi" utumike katika vitabu vya sayansi na katika ripoti zinazowasilishwa kwa wananchi. Anayeishi kando ya ziwa asipewe neno la kusifu kifaa, bali neno la kukihoji.