Kompyuta mwenzako wa briji haijarukwa na akili

Yeyote mwenye simu ya intaneti sokoni Ekalakala, katika eneo la Masinga, Kaunti ya Machakos, anaweza leo kucheza briji na wachezaji watatu ambao wote ni programu. Wawili ni wapinzani, mmoja ni mwenzake. Lalamiko la wanaocheza hivi ni lile lile kokote waliko: mwenzi huyu hucheza karata vizuri, lakini mnada ukichacha hutoa ahadi zisizoeleweka.

Kwa asiyeujua mchezo, karata 52 hugawiwa watu wanne, kila mmoja 13, na wanaokaa mkabala ni wenzi. Kabla ya kucheza kuna mnada, ambapo kila upande huahidi utachukua mikono mingapi, yaani duru za karata nne, na turufu itakuwa ipi. Ahadi ya kopa mbili ni mikono minane, kwa kuwa sita ya kwanza haihesabiwi. Ukitimiza unapata pointi. Ukianguka, pointi ni za wapinzani. Kabla ya kucheza, mnada ndio njia pekee halali ya kumwambia mwenzako ulichoshika.

Sasa tuseme umefungua kwa kopa moja. Mpinzani anasema shupaza moja, kompyuta inakuunga mkono kwa kopa mbili, na mpinzani wa pili anapanda hadi shupaza mbili. Karata zako ni za kawaida tu, hivyo unasema pasi, na mpinzani wa kwanza naye anasema pasi. Kompyuta inatangaza kopa tatu. Unacheza, unapata mikono minane badala ya tisa, unaanguka. Iliona nini?

Haikuona chochote. Ilikisia, kisha ikapiga hesabu. Kutoka kiti chochote mezani, karata 39 zilizofichika zinaweza kugawika kwa wachezaji watatu kwa njia zaidi ya trilioni 84,000. Hakuna anayeweza kuzipitia zote mezani, kwa hiyo programu nyingi hugawa kwa bahati nasibu mara kadhaa, zikizingatia yale yaliyokwisha kusemwa katika mnada. Kwa kila mgao hupima kila ahadi ingeleta nini, kisha huchagua yenye wastani bora. Mmarekani Matthew Ginsberg aliitumia mbinu hiyo katika programu yake GIB, iliyopambana na mabingwa wa kibinadamu huko Lille, Ufaransa, mwaka 1998.

Tuchukue mfano wa migao 50. Kompyuta ikisema pasi, tuseme wapinzani watatimiza shupaza mbili mara 30, kila mara wakipata pointi 110, na wataanguka mara 20, mkipata ninyi 50. Wastani ni hasara ya pointi 46. Ikisema kopa tatu, tuseme mtatimiza mara 10 kwa pointi 140, mtaanguka kwa mkono mmoja mara 30 mkitoa 50, na kwa mikono miwili mara 10 mkitoa 100. Wastani ni hasara ya 22. Mnaanguka mara 40 kati ya 50, na bado kopa tatu ndiyo ahadi bora, kwa sababu kuanguka kidogo ni nafuu kuliko kuwaachia wapinzani wakatimiza yao.

Hata hivyo, mwenzi huyu ana kasoro zake. Katika migao ile ya kukisia, kwa kawaida kompyuta huhesabu kana kwamba karata zote zimelazwa wazi mezani na kila mmoja anacheza bila kukosea. Mchezaji wa kweli huvizia, hudanganya na hukosea, na hayo hayamo katika hesabu. Ndiyo maana huenda isiogope ipasavyo kwamba mpinzani atasema dabo, ambapo kuanguka kwa mikono miwili kunapanda kutoka pointi 100 hadi 300.

Kasoro ya pili ni utiifu. Programu hizi hufuata kamusi ya maana: katika kupima nguvu ya karata, ree ni pointi nne, mfalme tatu, malkia mbili, ghulamu moja, na kila tamko lina kiwango chake. Ukifungua ukiwa na karata hafifu kuliko kamusi inavyodai, kompyuta itakugawia katika mawazo yake karata ambazo huna, kisha itapanda juu kwa kukuamini. Tamko linalokushangaza pengine limetokana na lile ulilotoa wewe. Programu nyingi hukuonyesha maana ya kila tamko ukiligusa, kwa hiyo soma kabla hujatangaza.

Mnada bado ni mgumu kwa mashine. Mwaka 2022, jijini Paris, programu ya Kifaransa iitwayo NooK iliwashinda mabingwa wanane wa dunia, lakini katika uchezaji wa karata pekee. Mnada uliachwa nje.

Tatizo jingine linatoka kwetu. Mwaka 1988, Jonathan Baron na John Hershey wa Marekani walichapisha majaribio ambamo watu walipewa visa vya maamuzi, vikiwemo vya matibabu. Uamuzi ule ule wa daktari ulionekana mbaya zaidi wasomaji walipoambiwa kwamba mgonjwa alifariki. Tunauhukumu uamuzi kwa matokeo, ingawa mwamuzi hakuwa nayo alipoamua.

Ekalakala ni mahali pa kulifikiria hilo kwa makini, maana hesabu ya migao hutumika pia kutabiri mvua inayosubiriwa na wakulima wa hapa. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa huendesha matoleo 51 ya hali ya hewa ijayo, kila moja likianza kwa tofauti ndogo. ICPAC, kituo cha kanda kilichoko Ngong karibu na Nairobi, hutoa utabiri wa msimu kwa asilimia: uwezekano wa mvua kuwa juu ya wastani, ya wastani, au chini yake. Utabiri unaoipa hali moja asilimia 45 haujakosea ikija nyingine. Hupimwa kwa misimu mingi, kama mwenzi wa briji anavyopimwa kwa migao mingi.

Na kama kwenye kopa tatu, uwezekano peke yake hautoshi kuamua. Mkulima wa nyanda hizi kavu anayechagua kati ya mahindi na pojo au mtama kabla ya mvua za Oktoba hadi Desemba ana maswali mawili zaidi: nikikosea nitapoteza nini, na nikisubiri nitapoteza nini? Ikiwa mahindi yakikauka familia itakosa chakula, basi kuna sababu ya kupanda pojo hata pale ambapo mvua nzuri ina nafasi kubwa kidogo. Kompyuta inaweza kukadiria mvua. Haijui ghala lako lina magunia mangapi, na hapo uamuzi unabaki kuwa wako.