Kuosha Magari Bila Kuchafua Visima: Jinsi ya Kuhamia Kemikali Salama

Ukisafiri kutoka Mtwapa hadi Malindi, ni nadra kupita mji bila kuona kituo cha kuoshea magari. Tenki la maji, mashine ya presha, ndoo mbili na mtungi wa sabuni ya maji vinatosha kuanzisha kazi. Vijana wengi wa kaunti yetu wanapata riziki hapo, wakiosha matatu, tuktuk, bodaboda, malori ya mchanga na magari ya watalii. Ni kazi halali na inafaa kulindwa.

Lakini kila gari likitoka likimetameta, yanabaki maji machafu chini. Yamebeba oili, vumbi la breki, matope na kemikali. Makala hii inaeleza maji hayo huenda wapi, kilichomo ndani yake, na jinsi mwenye kituo anavyoweza kubadilisha kemikali zake bila kuua biashara.

Maji yakimwagwa huenda wapi?

Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Katika pwani yetu mkondo huo ni mfupi sana. Sehemu kubwa ya ukanda wa Kilifi, Watamu na Malindi imekaa juu ya mawe ya matumbawe ya kale na mchanga. Mawe haya yana matundu na nyufa. Maji yanayomwagwa juu hupenya haraka, bila kuchujwa vizuri na udongo, na kufikia maji ya visima.

Mitaa mingi haina mabomba ya majitaka. Uchafu huingia kwenye shimo, na kutoka kwenye shimo huingia ardhini. Pale ambapo kuna mtaro wa barabarani, mara nyingi mtaro huo ni wa maji ya mvua. Mvua za masika zinapoanza, kila kilichomwagwa wakati wa kiangazi husombwa hadi horini au ufuoni.

Huko mwisho wa safari kuna mali yetu. Mbuga za Bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, na eneo la Malindi na Watamu likatambuliwa na UNESCO mwaka 1979 kama hifadhi ya kibayolojia ya kimataifa. Kuna hori ya Mida na mikoko yake, ambamo samaki wachanga na kaa hukulia. Matumbawe yetu yaliumia sana bahari ilipopata joto kupita kiasi mwaka 1998. Hayahitaji mzigo mwingine wa oili na sabuni kutoka nchi kavu.

Tatizo hili si letu peke yetu. Mjini Kisumu, kwa miaka mingi magari yalioshwa ukingoni mwa Ziwa Victoria kwenye ufuo wa Lwang'ni, mahali palepale watu walipokula samaki. Tofauti ni kwamba kule kila mtu aliona uchafu ukiingia majini. Huku kwetu unapita chini ya ardhi, kwa hiyo ni rahisi kuusahau.

Ndani ya ndoo kuna nini?

Kemikali za kuosha magari hazilingani kwa hatari. Hizi ndizo za kuangaliwa kwanza.

*Petroli, dizeli na mafuta taa.* Baadhi ya waoshaji huzitumia kusafisha injini na kutoa lami. Huondoa grisi haraka, lakini hushika moto, hukausha ngozi, na mvuke wake huumiza kichwa na mapafu. Zikifika kisimani, maji hayafai tena kunywa.

*Asidi kali za kung'arisha rimu.* Baadhi zina asidi ya haidrofloriki. Hii ni kemikali ya kuogopwa. Inaweza isiume mara inapogusa ngozi, kisha ikapenya ndani na kufikia mfupa saa kadhaa baadaye. Mtu anaweza kupata madhara makubwa kabla hajajua ameungua.

*Kostiki soda na viondoa grisi vikali.* Hivi ni kinyume cha asidi, lakini huunguza vilevile. Jicho likirushiwa linaweza kupofuka. Rangi ya gari nayo hufifia na alumini huingia madoa.

*Sabuni zenye nonilifenoli.* Kemikali za kundi hili zikivunjika majini hutoa sumu inayodhuru samaki na kuvuruga uzazi wao. Nchi za Umoja wa Ulaya zilizuia matumizi yake katika kazi nyingi za usafishaji tangu mwaka 2005.

*Sabuni zenye fosfeti.* Fosfeti ni mbolea. Ikifika horini hulisha mwani, na mwani ukizidi hufunika matumbawe.

*Sabuni ya maji ya kienyeji.* Nyingi hutengenezwa kwa asidi ya salfoniki, ungarol, soda na chumvi. Ikipimwa vizuri si mbaya, kwa kuwa sabuni ya aina hii huoza ikipata hewa na muda. Tatizo ni vipimo. Asidi ikizidi au soda ikizidi, mikono ya mwoshaji ndiyo inayolipa.

Onyo moja halina mjadala: usichanganye klorini ya nguo, ile ambayo wengi huiita jiki, na asidi ya aina yoyote. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo inaweza kuua.

Povu jingi si usafi

Maji ya visima vingi vya pwani yana chokaa na chumvi. Maji ya namna hii huzuia povu, hasa kwa sabuni ya kipande. Mwoshaji akiona povu limekataa, huongeza sabuni. Mteja naye akiona povu dogo hudhani ameibiwa. Basi sabuni inaongezwa tena, maji ya kusuuza yanaongezeka, na gari likikauka linabaki na madoa meupe.

Povu halisafishi gari. Kinachosafisha ni sabuni inayoshika uchafu, kitambaa laini na muda wa kuloweka. Katika miaka ya 1950, mito ya Ulaya na Marekani ilifunikwa na povu kwa sababu sabuni za wakati huo hazikuoza. Marekani, watengenezaji walihamia sabuni zinazooza kufikia mwaka 1965. Nguo hazikuacha kutakata. Sisi pia tunaweza kubadilisha sabuni na magari yakaendelea kung'aa.

Jinsi ya kuchagua kemikali salama

1. *Soma chupa.* Kemikali hatari huwekewa alama ya pembenne nyekundu yenye picha nyeusi. Picha ya mkono unaoliwa na kioevu ina maana inaunguza. Mwali wa moto ina maana inashika moto. Mti uliokauka na samaki aliyekufa ina maana inadhuru viumbe wa majini. Ukiona samaki huyo, mrudishe dukani.

2. *Omba karatasi ya maelezo ya usalama.* Muuzaji wa kweli anaweza kukupa. Inaeleza kilichomo, huduma ya kwanza na namna ya kuhifadhi. Chupa ya soda iliyojazwa kioevu kisichojulikana usiinunue, hata kwa bei ya kutupa.

3. *Pima kwa karatasi ya pH.* Kipimo hiki huenda kutoka 0 hadi 14. Namba 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni alkali. Kila hatua moja ni mara 10, kwa hiyo sabuni ya pH 11 ina ukali mara 1,000 kuliko ya pH 8. Sabuni ya kuoshea bodi ya gari inafaa kuwa karibu na 7.

4. *Tafuta maneno haya:* inaoza kibayolojia, haina fosfeti, haina nonilifenoli. Neno "asilia" peke yake halithibitishi kitu. Petroli nayo hutoka ardhini.

Kwa kila kemikali kali kuna mbadala. Badala ya mafuta taa kwenye injini, tumia kiondoa grisi cha maji chenye ukali wa kadiri, brashi na subira ya dakika chache. Badala ya asidi ya rimu, tumia kisafishaji chenye asidi ya sitriki, ile ile iliyomo kwenye ndimu. Ng'arisha tairi kwa dawa ya maji badala ya ile ya kutengenezea.

Sabuni mbaya huharibu hata mtego mzuri

Vituo vingine vimejenga mtego wa mafuta, yaani shimo la saruji lenye vyumba viwili au vitatu. Matope huzama katika chumba cha kwanza. Oili huelea juu, na maji hupita chini kwa bomba lililopinda. Ni teknolojia rahisi na fundi yeyote mzuri wa mawe anaweza kuijenga akionyeshwa mchoro.

Lakini kuna siri ambayo wengi hawaijui. Kiondoa grisi kikali huivunja oili kuwa matone madogo sana yanayochanganyika na maji. Oili hiyo haielei tena. Inapita na maji, inavuka mtego na kuingia ardhini, huku mwenye kituo akiamini amefanya wajibu wake. Ndiyo sababu tunashauri ubadilishe sabuni kwanza, kisha ujenge mtego.

Maji yakitoka kwenye mtego yasielekezwe horini wala kisimani. Hata sabuni inayooza huweza kuumiza matamvua ya samaki kabla haijaoza. Yapitishwe kwenye kitalu cha changarawe na mimea ya majini, ambapo hewa na vijidudu humalizia kazi. Jirani zetu wa Gereza la Shimo la Tewa, kando ya hori ya Mtwapa, walijengewa kinamasi cha namna hiyo kusafisha majitaka chini ya mradi wa WIO-LaB wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Cha kituo cha magari kinaweza kuwa kidogo.

Matope ya mtegoni yana oili na madini ya breki na tairi. Usiyamwage shambani. Yakabidhi kwa mzoaji aliyeidhinishwa na NEMA, pamoja na oili chafu.

Je, ni ghali?

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme mtungi wa lita 20 wa sabuni rahisi unauzwa shilingi 1,600, na kila gari hutumia robo lita. Utaosha magari 80, yaani shilingi 20 kwa gari. Tuseme sabuni nzito iliyo salama ni shilingi 2,500 kwa lita 5, na kila gari linahitaji mililita 40 zilizochanganywa na maji. Utaosha magari 125, nayo ni shilingi 20 kwa gari.

Weka bei za duka lako uone. Mara nyingi kinachoamua ni kipimo kuliko bei ya chupa. Sabuni nzito ikimiminwa kwa kukisia, faida yote inaishia mtaroni. Nunua kikombe cha kupimia na ukifunge kamba karibu na ndoo.

Usibadilishe kila kitu siku moja. Anza na kilicho hatari zaidi: acha mafuta taa na asidi ya rimu wiki hii. Mtungi wa sabuni ukiisha, nunua iliyo salama. Mtego wa mafuta unaweza kufuata baada ya miezi kadhaa, na vituo jirani vinaweza kuchanga vikajenga mmoja.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inakataza kuchafua maji. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliweka kiwango cha sifuri kwa mafuta na kwa sabuni katika majitaka yanayomwagwa kwenye mazingira. Kabla ya kufungua au kupanua kituo, muulize afisa wa NEMA viwango na leseni zinazokuhusu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi walio kwenye maji au kemikali hatari mavazi ya kinga yanayofaa. Glavu, gambuti na miwani si zawadi kutoka kwa tajiri. Ni haki ya mfanyakazi. Akirushiwa kemikali, asuuzwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kisha apelekwe hospitali na chupa yenyewe, ili daktari ajue anachotibu.

Mteja, nawe una sehemu yako

Ukipeleka gari, uliza wanatumia sabuni gani na maji yanaenda wapi. Usidai povu. Usimlazimishe kijana asafishe injini kwa petroli eti ing'ae. Kituo kikifanya vizuri, kirudie na uwaambie wenzako. Ukiona maji ya oili yakielekezwa horini au karibu na kisima, toa taarifa kwa afisa wa mazingira au wa afya ya umma kupitia ofisi ya wadi yako.

Na wewe mwenye kituo, fanya jaribio dogo jioni ya leo. Baada ya gari la mwisho, fuata maji yako kwa miguu mpaka pale yanapopotelea. Kisha angalia kisima kilicho karibu na pale, na uulize ni nani huchota hapo asubuhi.